Spana Isiyokuwa Ubaoni

Spana ya Kijiti ilikuwa imepotea, na ndege ilitakiwa kuruka mchana ule.

Ingekuwa spana ya karakana, lisingekuwa jambo la siri. Ukutani palikuwa na ubao mkubwa, kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu. Ukichukua bisibisi, pengo lake linakukodolea macho mpaka uirudishe, na ubao ukiwa na pengo hata moja, ndege haitoki. Leo ubao ulikuwa umejaa. Spana ya Kijiti haikuwa na pengo kwa sababu haikuruhusiwa kuwa pale kabisa. Aliinunua mwenyewe, akaukata mpini ili ipenye kwenye uwazi mwembamba wa mkia, zinakopita kebo za usukani. Kila fundi alijua kwamba zana ya mfukoni ni marufuku. Kila fundi alikuwa nayo.

Akajipapasa mifuko. Akarudia ileile.

"Una upele, Kijiti?" akauliza fundi wa rangi.

"Nimepoteza kitu."

"Kama ni akili, usihangaike. Hukuja nayo."

Watu wakacheka.

Mkaguzi wa karakana, aliyesaini kwamba ndege ile iko salama kuruka, alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Ndiye aliyemtoa kwenye gereji ya malori, akamfundisha kazi, akamtetea kwa wakubwa. Na leseni ya ufundi wa ndege haipatikani kwa mtihani peke yake. Lazima mwenye leseni athibitishe kwamba kazi umeifanya kwa mikono yako, mbele ya macho yake. Mitihani ya kuandika Kijiti alishaimaliza, hata ule wa umeme uliomwangusha chali mara mbili. Yalibaki mahojiano ya wiki ijayo na uthibitisho wa shemeji. Bila leseni, hata nati moja ukikaza, mwingine akusainie. Mtu mzima, na ndevu zako.

Akapanda ngazi hadi ofisini.

"Shemeji, spana yangu siioni."

"Ipi? Ubao umejaa."

"Ya kwangu mwenyewe."

Mkaguzi akainuka, akafunga mlango. "Mara ya mwisho ilikuwa wapi?"

"Mkiani. Au niliiacha nyumbani, kwenye ovaroli nyingine. Sikumbuki."

"Mpigie dada yangu."

Akapiga. Mkewe akatafuta, akarudi kwenye simu akihema. "Haipo, mume wangu. Nimegeuza mpaka godoro. Kuna nini?"

"Hamna kitu."

Akashuka, akajisukuma tena ndani ya mkia, mabega yamebanwa na bati huku na huku, tochi mdomoni. Hakuona kitu. Lakini chini ya kebo kulikuwa na mahali ambapo mwanga haukufika, na mkono wake uliingia hadi kiwiko tu. Akatoka kinyumenyume, jasho linamwingia machoni. Shemeji alikuwa anamsubiri.

"Sasa nisikilize," akanong'ona. "Spana iko nyumbani. Sema hivyo, tumalize."

"Lakini sijui kama iko nyumbani."

"Sijakuuliza unajua nini, nakuambia useme nini! Mkia nimeshausaini, Kijiti. Nimesaini kwamba nimeukagua."

"Si uliukagua?"

Shemeji akatazama sakafu. "Nilikagua sura yako. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Kijiti akaegemea gurudumu. Akisema, anamzamisha aliyemshika mkono, na leseni inazama naye. Akinyamaza, na spana iko mle ndani, kebo itakwama huko juu, na watu wamefunga mikanda.

Rubani alikuwa anaizunguka ndege, akigusa bawa hapa na pale, anapiga mluzi. Akawafikia.

"Vipi mafundi, iko sawa?"

Shemeji akafungua mdomo. Kijiti akamuwahi.

"Haiko sawa. Nadhani kuna spana mkiani. Ni yangu."

Rubani hakupiga mluzi tena.

Mkia ukafunguliwa wote, mfuniko baada ya mfuniko. Fundi wa rangi ndiye aliyeiona, kwa kioo kidogo cha mkono, imelala ubavuni mwa roda, kigurudumu kinachopitisha kebo. Hakuna aliyefanya mzaha.

Gharama yake ilikuwa hii. Abiria walirudi makwao, na ndege ikalala karakanani. Shemeji alinyang'anywa ruhusa ya kusaini. Sasa yuko stoo, anagawa grisi na matambara. Kila kazi aliyowahi kumthibitishia Kijiti ikafutwa, kana kwamba haikufanywa. Mahojiano yakapita bila yeye, naye akaanza upya, chini ya mkaguzi asiyemjua hata sura. Mkewe humpakulia chakula, akamwekea mezani, kisha akaenda kula jikoni. Na shemeji, akimpa matambara pale dirishani, huyasukuma tu, akaita anayefuata.