Visahani Vilivyolala

Siku ya mapumziko, jengo la maabara huwa kimya kuliko makaburini, maana makaburini angalau watu hupita kusalimia jamaa zao. Mlinzi alimfungulia Mama Visahani lango huku akipiga miayo.

"Hata leo, mama? Kwani nyumbani hakuna kazi?"

"Nyumbani hakuna mtu," alijibu, akapanda ngazi.

Hakusema hivyo ili ahurumiwe. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Akiweka kijiko mezani, mlio unazunguka vyumba vyote kisha unamrudia mwenyewe. Maabarani angalau kulikuwa na friji inayonguruma, na kabati la joto lenye visahani vyake vya plastiki, na ndani ya kila kisahani seli hai za ngozi, maelfu kwa maelfu. Mtu akikosa wa kuongea naye, hata seli zinafaa.

Yeye na marehemu walifanya kazi chumba kimoja, chanda na pete. Mume alitengeneza dawa, mke akaijaribu. Ndani ya seli zile kuna kimeng'enya ambacho muda mwingi kimelala, kimejifungia komeo kwa ndani. Ngozi ikikatwa, ishara hufika kwenye utando wa seli, ikapokezanwa humo ndani kama habari ya msiba ipitavyo nyumba hadi nyumba, mpaka komeo likafunguka. Kimeng'enya kikiamka, seli husogea na kugawanyika, na kidonda hufunga. Sasa wako watu ambao vidonda vyao vimekuwa viziwi, havisikii ishara yoyote. Dawa ya marehemu ilikusudiwa kulifungua komeo bila kungoja ishara.

Na ilifanya kazi. Seli walikuwa wamezitengeneza ziwe zinang'aa kijani kimeng'enya kikiamka, na kila mara visahani vilivyotiwa dawa viling'aa, visivyotiwa vikabaki giza. Alhamisi, Mkuu wa idara angeitangaza dawa mbele ya wageni, kwa jina la marehemu. Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani, wifi yake alikuwa amempigia simu.

"Wifi, Mama kashashonesha gauni. Anauliza, watasoma majina ya kaka yote matatu au mawili tu?"

"Yote matatu."

"Haya, leo hatulali humu ndani!"

Mama Visahani alilikumbuka gauni hilo alipofungua kabati la joto. Rafu ya juu ilikuwa ya visahani vya dawa. Rafu ya chini ilikuwa na vile vya kulinganishia, na mbele yake karatasi yenye mwandiko wa marehemu: WAMELALA, MSIWAAMSHE.

Karatasi hiyo ilikuwa na historia yake. Zamani mlango wa kabati ulikuwa umelegea, na kila ukifunguliwa, ukungu unaingia na kuharibu kazi. Marehemu akaamua kwamba visahani vya kulinganishia vitiwe maji yasiyo na dawa siku moja kabla, kisha visiguswe tena mpaka saa ya kupimwa; vya dawa vitiwe siku ile ile ya kupimwa. Maji yale yale, joto lile lile. Kwenye maandishi hakuna ambaye angeona kasoro. "Waache watoto wapumzike," alikuwa akisema. Mlango mpya ukaja, desturi ikabaki. Wenye shahada nao ni watu, na mazoea yana tabu.

Siku hiyo upweke ulimzidi nguvu. Alivitoa visahani vya chini, akavipanga mezani, akavifunua kimoja kimoja. Akawasimulia wale watoto habari za gauni la bibi yao, na rangi aliyodhani litakuwa nayo. Akavigeuza huku na huku apate kuviona vizuri. Kisha akajionea aibu, mtu mzima mwenye mvi, akavifunika na kuvirudisha.

Alipomaliza mkate na chai yake ya chupa, alikiweka kimoja chini ya hadubini ili aanze kupima.

Kilikuwa kijani.

Alidhani amechanganya rafu. Akatazama alama, hazikuwa na kosa. Akatazama kisahani cha pili, cha tatu, na vingine vyote. Vyote vilikuwa macho, vinang'aa, na tone la dawa havijawahi kuonja.

Alifungua friji, akatoa chupa ndogo ya dawa ya mumewe. Yalikuwa yamebaki matone, ya mwisho kutengenezwa kwa mkono wake marehemu. Alitaka kuirudisha. Akaona akiirudisha hataigusa tena maisha yake yote, akaamua.

Safari hii alitoa visahani vipya ishirini, nusu vya dawa, nusu vya maji matupu, akavitendea vyote sawa: kuvitoa kwenye joto, kuvifunua, kuvidondoshea, kuvitikisa kidogo, kuvirudisha. Akangoja. Aliporudi kwenye hadubini, hata yeye aliyeviwekea alama hakuweza kuvitofautisha kwa macho. Vyote viling'aa sawa.

Dawa haikuwa ikiamsha kitu. Kilichoamsha ni mkono. Mwanga ule huchukua karibu saa nzima kujitokeza, na kufikia kesho yake umeshafifia. Ndiyo maana vile vilivyoachwa vipumzike vilipimwa daima vikiwa vimelala. Seli zilikuwa zinaamka kwa kuguswa tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Angeweza kufunga mlango na kwenda zake. Alhamisi ingefika, jina lingesomwa, mama mkwe angepigiwa makofi. Aliliwaza hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na usingizi haukumjia.

Asubuhi alimkuta Mkuu anapanga viti vya wageni. Alimweleza yote. Mkuu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na wewe."

"Mama, wageni wameshakata tiketi. Tungeitangaza, kisha marekebisho yakaja baadaye, taratibu."

"Na wenye vidonda wataipaka taratibu?"

Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wageni. "Ungeninyamazia tu," alisema, "nisingejua kamwe." Kisha akanyanyua simu, akaanza kuwapigia wageni mmoja mmoja wasije.

Mama Visahani naye alikuwa na simu yake ya kupiga.

"Kwa hiyo kaka alikosea?" aliuliza wifi yake, sauti imeshuka.

"Tulikosea wote wawili, wifi. Yeye alibuni, mimi nikafuata."

"Sasa Mama nimwambie nini? Gauni liko ukutani, kila anayeingia anaonyeshwa."

"Usimwambie kitu. Nakuja kumwambia mwenyewe."

"Atalia, ujue."

"Najua. Nitakaa naye."

Alirudi maabara kuchukua pochi. Karatasi bado ilikuwa pale kwenye rafu, na herufi za marehemu zimelala upande kama kawaida yake. WAMELALA, MSIWAAMSHE. Miaka yote ile! Watu wawili na shahada zao, wananyata mbele ya kabati, wanaongea kwa kunong'ona, na dawa yao wala haina kazi! Kicheko kilimpanda bila kukiita. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe na watoto wako wa kulala!" alisema, akageukia kiti cha pili.

Kiti kilikuwa na koti jeupe mgongoni, basi. Marehemu angecheka kuliko yeye; angepiga paja, angesema, "Tumepatikana, mama, tumepatikana," na kabla ya jioni wangekuwa wameshaanza upya. Duniani kote hakuna mwingine ambaye angelielewa kosa lile kiasi cha kulicheka. Alitamani mtu huyo awepo. Alilia kwa sauti, na friji ikaendelea kunguruma.

Alipotulia alinawa uso. Akaibandua karatasi polepole isichanike, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi. Majina matatu hayatasomwa, lakini mama mkwe angalau auone mwandiko wa mwanawe.