Kioo cha Kijani na Mama Mkwe

Silvanus Mwandawiro aliponiletea ile televisheni kwenye keria ya baiskeli, nilimshukuru mpaka akaona haya. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na ofisi yao ilikuwa imepata mitambo mipya, ile ya zamani ikatupwa stoo. Mimi nimekuwa fundi wa redio hapa Voi miaka kumi na moja. Stima imenirusha ukutani mara tatu ikanifundisha adabu, lakini haikuwa imenifundisha kutazama kitu mgongoni kabla ya kukisifu. Jioni hiyohiyo nikamwambia mke wangu, Alice, aandike barua Salaita: mama yako aje, tuna televisheni.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Maundu, ndugu yake Alice, alikuwa ameingia jeshi miaka minne nyuma, baada ya mama yao kumwambia kwamba akivuka ule mlango asirudi. Hakurudi. Barua alimwandikia dada yake tu, na ndani hapakuwa na salamu za mama hata mstari mmoja. Sasa, Novemba ya 1986, akaandika: siku ya Jamhuri nitapita uwanjani Nairobi na bendi, napuliza tarumbeta, mtaniona kwenye televisheni. Mwambieni mama.

Barua ya Salaita ilipokwisha kwenda ndipo nikaichunguza televisheni yangu. Haikuwa na kifundo cha stesheni. Haikuwa na tundu la eria, yaani antena. Haikuwa na spika. Nikamfuata Silvanus.

"Nani alikwambia ni televisheni?" akasema. "Nilisema ni kioo cha kompyuta."

"Ulisema ni kama televisheni."

"Hata wewe ni kama daktari, Mulei. Umewahi kuona nikikuletea mgonjwa?"

Nikarudi nyumbani, nikaketi mbele ya kile kioo.

Kilichoniokoa ni deki ya video ya Thadeus, mwenye baa, aliyoileta niisafishe kichwa. Deki ina kitafuta stesheni chake ndani. Nikachomeka eria kwenye deki, nikatoa waya wa picha kutoka deki hadi kwenye kioo, na waya wa sauti hadi kwenye redio kaseti. Nikazungusha kifundo taratibu. Akatokea mtu anasoma habari, uso wake kijani kama sukuma wiki, tai yake kijani, meno kijani.

"Ni mgonjwa?" Alice akauliza.

"Ni mzima. Kioo hiki kinajua rangi moja tu."

Nikamwomba Thadeus aniachie deki mpaka Jamhuri ipite. Akakubali, akanicheka, nikaona yamekwisha. Ndipo Alice akaniuliza swali nililopaswa kujiuliza tangu mwanzo.

"Na wewe utakaa wapi?"

Sisi Wakamba tuna jambo tunaloliita nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali mbele ya macho ya mwenzao, hawatazamani usoni. Wengine siku hizi wamelegeza, hasa huku mjini. Mama mkwe wangu, Mumbe, hakulegeza hata uzi mmoja. Kwa miaka sita aliponitaja aliniita "huyo". Tulipokutana njiani, mmoja wetu aliingia kichakani, na kwa kuwa mimi ndiye kijana, kichaka kilikuwa changu. Nina alama za miiba za kuonyesha.

Na deki ile hakuna aliyeiweza ila mimi. Stesheni ilikuwa ikihama kila dakika tano na kurudishwa kwa kuguswa kidogo sana.

Nikakaa nikaitazama ile mitambo, nikaanza kucheka peke yangu. Televisheni kamili ingenishinda, maana kila kitu kiko kwenye sanduku moja. Yangu ilikuwa vipande. Nikatafuta waya mrefu wa picha. Kioo nikakiweka sebuleni juu ya meza. Deki nikaiweka chumbani, nyuma ya pazia, karibu na kitanda. Waya wa sauti ulikuwa mfupi, kwa hiyo redio nayo ikabaki kwangu. Mama angesikia kupitia pazia. Yeye angeona bila kuniona, nami ningesikia bila kuona chochote. Katikati yetu angekaa Alice kama posta.

Mama alikuja na treni ya Taveta siku moja kabla, akalala kwa jirani. Asubuhi ya Jamhuri, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia akiingia, akiketi.

"Ndiyo hii?" akasema.

"Ndiyo hii, mama."

"Mbona watu wote wameoza?"

"Ni rangi tu, mama."

"Mwambie huyo picha inacheza."

"Picha inacheza," Alice akaniambia, kana kwamba mimi niko Mombasa. Nikagusa kifundo. "Sawa," akasema mama. "Mwambie sawa."

Tukaenda hivyo karibu saa nzima, hotuba na gwaride. Kisha upepo ukaja, ule wa Voi unaobeba mchanga na mabati ya watu. Nikasikia mlingoti wa eria unagonga ukuta. Alice akatoka mbio kuushika, na akabaki huko ameukumbatia, maana kila alipouachilia uligeukia Tsavo.

Kwangu sauti ilikuwa nzuri. Ngoma zilianza kupiga uwanjani, nami nikajua bendi zinaingia. Nikakaa nikijisifu. Sikujua kwamba sebuleni picha ilikuwa imekwenda zamani.

Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mama akiita mlangoni, "Alice," na upepo ukalichukua jina. Hatua zake zikarudi. Zikasimama karibu na pazia, karibu sana, nami nikageuza uso ukutani.

"Baba Katuku," akasema.

Katuku ni mtoto wetu. Nilikuwa sijawahi kuitwa na mama yule kwa jina lolote.

"Naam, mama."

"Picha imepotea. Mtoto wangu atapita sioni."

Nikashika kifundo. "Nazungusha, mama. Niambie."

"Bado. Bado. Umeipita, rudi. Bado. Hapo. Usiguse tena." Kisha sauti yake ikashuka. "Huyo hapo. Ana tarumbeta. Amekonda, mtoto wangu. Amekonda sana."

Na palepale, sikioni mwangu, mtangazaji akasema kwamba wanaopita sasa ni bendi ya magereza.

Sijawahi kuteremsha sauti ya redio haraka vile.

"Ni yeye, sivyo?" akauliza. "Wewe unasikia wanavyosema, mimi upepo unanizuia. Ni yeye?"

Mimi ni mtu wa mzaha. Jibu la mzaha huwa liko tayari mdomoni kabla ya swali kwisha. Siku hiyo nililimeza. Kama ningesema siyo, na Maundu asitokee baadaye, mama angerudi Salaita akikumbuka kile kioo cha kijani kisicho na mtoto wake ndani. Nikaweka sikio kwenye spika, nikangoja mtangazaji amalize sentensi nyingine. Akasema sasa inaingia bendi ya jeshi.

"Mama," nikasema, "usitoke hapo. Wanazunguka, wanapita mara ya pili. Tazama vizuri zaidi."

Nikashikilia kifundo kwa vidole viwili bila kupumua. Upepo uliendelea, na Alice aliendelea kuning'inia kwenye mlingoti, na tarumbeta zililia chinichini ndani ya redio. Nikaanza kudhani picha imeondoka tena na mama anaona huruma kuniambia.

Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Sasa namwona sawasawa," akasema. "Yule wa kwanza sijui nilimtazamaje. Huyu hajakonda. Amekuwa mtu mzima, Baba Katuku, na ana mashavu ya baba yake."