Mwezi Una Mba

Jumamosi jioni msusi alifunga saluni mapema. Alifagia nywele, akaloweka vitana kwenye beseni la sabuni, akafuta mafuta mikononi, kisha akabeba kiti kimoja cha plastiki cha wateja. Daktari wa meno, ambaye alikuwa akisukwa kwake, alimwambia kwamba klabu ya watazama nyota hukutana juu ya paa la zahanati, ng'ambo ya barabara, na kwamba sharti la kujiunga ni moja tu: uje na kiti chako.

Mama mkwe alimkuta mlangoni.

"Mjane anatafuta nini juu ya paa?"

"Nyota, mama."

"Hata uani zipo."

"Uani siku hizi naona ukuta tu."

Mama mkwe akakohoa, akaingia ndani.

Ukuta huo aliujenga shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe anayekaa ua wa pili, wakati wa msiba. Alisema unafuata mpaka wa wazee. Msusi hakubisha. Siku zile hata chumvi na sukari alikuwa hazitofautishi.

Juu ya paa alipokewa vizuri. Alikuwepo daktari, alikuwepo fundi wa kuchomelea vyuma aliyeunda darubini kwa bomba la maji, na alikuwepo mwenyekiti, mwalimu mstaafu, ambaye alianza kueleza asili ya sayari tangu mwanzo.

"Mwalimu," fundi alimkatiza, "mwezi utazama bado tuko kwenye utangulizi."

Basi mwanachama mpya akapewa zamu. Msusi aliinama, akafumba jicho moja. Mwezi ulikuwa pale, mweupe, umesimama peke yake. Kwao alilelewa kwamba mtu hatazamwi kwa mbali bila kusemeshwa.

"Karibu," alisema. "Mbona unasimama huko?"

Mwezi ukakaribia. Ulipita juu ya nguzo za umeme, ukainama kidogo kwenye nyaya, ukatua ukingoni mwa paa kando ya tangi la maji. Ukubwa wake na wa tangi ulikuwa karibu sawa. Daktari alisogeza kiti chake kuupa nafasi. Mwenyekiti alikiri, kwa haya kidogo, kwamba miaka yote ya klabu hakuna aliyewahi kufikiria kuukaribisha.

Msusi aliupapasa kwa kiganja, akasugua vidole.

"Una mba," alisema.

Akashuka kuchukua kitana kipana na brashi. Aliporudi alianza juu, taratibu, kama anavyoanza kwa mteja mwenye kichwa chepesi kuuma. Vumbi jeupe lilimwagika sakafuni. Fundi akapiga chafya mfululizo. Mwezi ulitulia, ukawa kama unasinzia, na kadiri ulivyochanwa ndivyo ulivyozidi kung'aa. Majirani walipanda ngazi, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine bado ana povu la sabuni mikononi. Kila mtu aligusa. Msusi alijisikia akicheka, na ilimchukua muda kuitambua sauti kuwa ni yake.

Kwa mwanga ule nyua zote za mtaa zilionekana kama sinia lililooshwa. Na ukuta ulionekana. Ulianza barabarani umenyooka, ulipofika jikoni kwa msusi ukapinda kama kiwiko, ukameza bomba lake la maji, kamba zake za nguo na chumba ambacho mumewe alikuwa anamjengea saluni mpya. Baada ya hapo ulinyooka tena.

Shemeji naye alikuwa amepanda kupiga picha. Aliutazama ukuta.

"Ni kweli umepinda," alisema. "Lakini saruji imeshakauka, shemeji."

Kisha akamwomba fundi ampige picha akiwa ameuegemea mwezi.

Mama mkwe alikuwa amefika juu kwa kujikongoja. Alimsogelea msusi.

"Mafundi wa ukuta chai niliwapikia mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona walivyopindisha. Nikamwogopa mwanangu."

Mkono wa msusi ulisimama. Ubaya wa shemeji aliujua siku nyingi. Huyu ndiye hakumtarajia. Alimtazama yule mama, ambaye miguu ilikuwa inamtetemeka kwa ngazi, akamsogezea kiti.

"Kaa, mama," alisema. "Nishikie huku. Kisogoni bado."

Mama mkwe akaushika mwezi kwa mikono miwili, mpaka ukachanwa wote.

Jumatatu ukuta ulikuwa palepale. Hakuna aliyeugusa wala aliyezungumza habari ya kuuvunja. Msusi aliendelea kubisha hodi kwa shemeji kuomba maji ya bomba lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata mwezi ulishuka bila kuitwa, kama mtu aliyekwishaizoea nyumba. Mama mkwe alipanda na kigoda chake, akaandikishwa. Alipopewa darubini aliizungusha huku na huku, akaikuta sayari iliyozungukwa na duara.

"Huyu amevaa pete," alitangaza. "Keshaolewa. Tukimwita, aje na mumewe."

Paa zima likaangua kicheko, mwenyekiti akalazimika kushikilia darubini isianguke. Upande wa pili wa ukuta dirisha likafunguliwa, shemeji akapiga kelele kwamba mwanga umezidi na kuna watu wanataka kulala.

Mama yake akainama ukingoni mwa paa.

"Funga pazia, mwanangu!" alimjibu. "Sisi tuna wageni."