Nyuma ya Sikio la Mfalme

Dobi alifungua leso kwa madaha, kunjo moja baada ya jingine, mpaka sarafu ikang'aa juu ya meza kama imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Mtaalamu wa makumbusho, binti wa umri wa kitinda mimba wake, hakuigusa. Aliitazama, akamtazama mwenyewe, akauliza kwa upole ni nani aliyeisafisha.

"Mke wangu," dobi akasema, kifua mbele. "Majivu na ndimu. Kwetu sisi, mwanangu, kitu hakitoki nje kichafu."

Na kweli hakitoki. Nyumba yao iliishi kwa sabuni na pasi, na mke wake aliwahi kulifua gunia kabla ya kulitupa. Jana aliposikia sarafu inapelekwa kwa wasomi, angeiachaje itoke na ukijani wake wote, watu waseme haina mwenyewe?

Binti akashusha pumzi. Akaeleza, bila kumlaumu mtu, kwamba shaba ya kale huvaa ngozi ya umri wake, na ngozi hiyo ndiyo wanunuzi wanayoitafuta. Hii ilikuwa imechunwa. Hata ingekuwa ya kweli, thamani yake ya sokoni ilikuwa imekwenda na maji ya ndimu.

"Sikuja kuuza," dobi akasema. "Nimekuja kuuliza kama niliuziwa kifuniko cha soda."

Hapo ndipo palipomuuma. Ujanani alisafiri mara moja tu, alipochukuliwa na timu ya mpira kwenda nchi ya mbali kuwafulia jezi. Timu ilifungwa mechi zote, lakini ilifungwa ikiwa safi, hilo hakuna wa kulipinga. Wachezaji walirudi na viatu na redio. Yeye, nje ya magofu ya mji wa kale, alinunua sarafu yenye kichwa cha mfalme ili mkewe naye aone alikofika. Aliporudi, fundi viatu wa pale kona ya mtaa wao akaigeuzageuza, akasema ni kifuniko cha soda kilichopigwa nyundo. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Kifuniko, naye akacheka pamoja nao, maana ungefanyaje? Ila wiki hii mjukuu wake alirudi kutoka shuleni akilia. Watoto walikuwa wamemwita mjukuu wa Kifuniko, na alichotaka kujua ni kimoja tu: "Babu, ni kweli walikudanganya?" Ndipo babu akavaa shati lake jeupe.

Mtaalamu aliipima sarafu kwenye mizani ndogo. Akaizungusha ukingoni akitafuta mshono, maana za bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, nayo kalibu huacha alama. Hakuuona. Lakini wapo waongo hodari, akasema, wanaogonga kwa nyundo kama watu wa kale. Akavuta kioo cha kukuzia, akainama, akaikagua nukta kwa nukta hata dobi akaanza kukunja leso na kuikunjua.

"Njoo uone, baba. Hapa, nyuma ya sikio."

Dobi akainama. Nyuma ya sikio la mfalme, mahali ambapo kidole cha mkewe hakikufika, palibaki punje ya kijani. Haikuwa imekaa juu ya shaba. Ilikuwa imeingia ndani yake na kuitafuna, na kuungana nayo.

"Kama doa lililokula uzi," akasema polepole. "La juu linatoka. Hilo limezeeka na nguo."

"Ndivyo hasa. Rangi ya kupaka ningeiona. Hii imeota yenyewe udongoni tangu enzi za mfalme huyu, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Hukudanganywa, baba."

Dobi akamwomba arudie maneno ya mwisho. Binti akayarudia, akitabasamu.

Alirudi kwa miguu, mabega yamenyooka kama yamepigwa pasi. Pale kona fundi viatu akamwuliza, misumari mdomoni, Kifuniko anatoka wapi na shati la harusi. Dobi akasimama. "Kifuniko kina miaka elfu moja na mia tano," akasema, akaendelea na safari. Nyuma yake akasikia msumari ukidondoka.

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye pasi, mjukuu akihesabu vifungo vilivyokatika. Aliposikia kwamba ni ya kweli, mke akaweka pasi pembeni na kujifuta macho kwa mkono wa mteja, yaani mkono wa shati la mteja. Kisha akauliza alichokuwa akikingojea tangu asubuhi.

"Na walionaje inavyong'aa?"

Dobi akameza mate. "Walishangaa," akasema, na hakusema uongo.

Mke akaipeleka sarafu dirishani kwa fahari. Akakunja uso, akalowesha ncha ya kanga kwa ulimi. "Lo, hapa nyuma ya sikio pamenipita."

"Hapo paache, mama." Akamshika mkono, taratibu. "Hapo ndipo palipotutetea."

Mke akamtazama, akaitazama sarafu, kisha kidole chake mwenyewe, kile kilichosugua jana. Akaishusha kanga, akaiweka sarafu kiganjani mwa mjukuu.

Mtoto akaipokea kwa mikono miwili. Akamtafuta mfalme, akaliona sikio, akaliona lile doa dogo la kijani. Kisha akajigusa nyuma ya sikio lake, pale bibi anapomsugua kila asubuhi.