Mwaka Mvua Ilipomwaibisha Wakonyo

Kwenye kile kijiji cha juu ya Nyeri hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla ya Wakonyo. Usiniulize desturi hiyo ilitoka wapi. Aliachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wa kwake. Kila Machi wanawake walisafisha mashamba, kisha wakakaa kumngoja. Wakonyo kazi yake ilikuwa kuutazama Mlima Kenya asubuhi. Weupe wa theluji ukishuka mpaka mabegani mwa mlima, yeye hupanda mahindi kwenye vumbi kavu, maana mvua i karibu. Jembe lake likisikika tu, kijiji kizima kinainama kupanda.

Na mlima haukuwahi kumwangusha, mpaka ule mwaka wa themanini na nne.

Weupe ulishuka, akapanda, wakapanda. Mvua wapi! Mbegu zikaoka udongoni, na zilizobaki panya wakazifukua. Kufikia Juni watu walikuwa wakipanga foleni ya mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, yale ambayo ugali wake ulinuka gunia. Wakonyo alipoingia kwenye foleni, mazungumzo yakakatika. Au yeye ndivyo alivyosikia. Hakungoja zamu yake. Alirudi na kikapu kitupu, akafunga lango, na tangu siku hiyo akawa anateka maji mchana wa jua kali, saa ambazo mtoni hakuna mtu. Kanisa akaliacha. Mumewe alishatangulia zamani, wanawe wako kazini Mombasa, hawaonekani. Aibu ilimla, nawaambia. Mwanamke aliyezoea kelele za watu akabaki kuongea na kuku.

Aliyemuuma zaidi ni Watiri, jirani yake wa ng'ambo ya ua. Waliolewa mwaka mmoja, wakazalishana, wakalimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, miaka thelathini. Kila jioni Wakonyo alimsikia akikohoa upande wa pili, akatega sikio labda ataitwa. Haitwi.

Mwanzo wa mwaka uliofuata akapata mgeni mmoja tu: Mwalimu Subira, binti wa Kiislamu kutoka Majengo, Nyeri mjini, aliyekuja kufundisha jiografia katika shule ya harambee ya pale, iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji. Alifuata maziwa kila alasiri. Siku moja ya Machi alimkuta Wakonyo ameketi mlangoni na debe la mbegu, machozi yanamtiririka.

"Mama, kulikoni?"

"Mwalimu, niko na swali moja. Mvua ilinikataa kwa nini? Mimi nilikosea huu mlima nini?"

Subira akaweka chupa chini, akaketi.

"Mlima hauleti mvua peke yake, mama. Jua linapasha bahari joto, mvuke unapanda, upepo unausukuma huku kwetu bara. Ukifika mlimani unapandishwa juu kwenye baridi, unapoa, ndiyo mvua yenu. Mwaka jana upepo ulikuja mikono mitupu. Wamelia Kenya nzima, wamelia Ethiopia. Wewe na jembe lako mngefanya nini?"

"Lakini weupe ulishuka! Niliuona na macho yangu."

"Huo ulikuwa theluji ya siku mbili. Barafu yenyewe je, ile isiyoondoka? Ulipoolewa ilifika wapi?"

Wakonyo akanyoosha kidole, akakizungusha polepole. "Ilijaa hapo. Na hapo. Siku hizi naona mawe." Alikuwa ameyaona hayo kwa miaka, na hakumwambia mtu, akidhani ni macho yanazeeka.

"Macho yako mazima. Hewa hii ni blanketi la dunia. Bila hilo tungeganda sote. Lakini watu wanachoma makaa ya mawe, wanachoma petroli, wanachoma misitu, na gesi ya moto huo inazidi kulinenepesha blanketi. Joto la jua linaingia, kutoka linapata taabu. Basi dunia inapata joto, na barafu inarudi nyuma."

"Ati hata moto yangu ya kupikia githeri?"

Subira akacheka. "Wako ni mdogo, mama. Wachomaji wakubwa ni viwanda vya watu ambao hata Nyeri hawajui iko wapi."

"Basi ni hao walinikausha!"

"Hapo siapi. Ukame ulikuwapo tangu zamani. Mwaka mmoja mbaya ni hali ya hewa tu, kama mtu aliyeamka na hasira leo. Tabia ya nchi unaijua kwa kuitazama miaka thelathini."

Wakonyo akasimama. Miaka thelathini, kama yake na Watiri! Maziwa hakumpimia, alimwacha mwalimu wa watu pale pale, akatoka langoni mbio, khanga inaburuzika. Moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Watiri alikuwa uani, anaambua maharagwe. Wakonyo hakusalimia hata. Alimwaga yote: bahari, upepo, blanketi, viwanda. Watiri aliendelea kuambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Haikuwa mimi, Watiri."

"Na nani alisema ni wewe? Wee! Mimi ni mjinga, nifikiri wewe ndiye unayeshika mvua? Mbegu zangu nilizitia kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mbona basi hukuja kwangu?"

"Nilikuja mchana mmoja. Nikaita langoni mpaka sauti ikakauka. Kuku wako ndio waliojibu. Nikasema sawa, hataki watu." Watiri akaweka ungo kando. "Agosti nikamzika Wangechi."

Wangechi, kitinda mimba wa Watiri, yule ambaye Wakonyo alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa.

"Nimonia," Watiri akasema. "Siku chache tu. Watu wote walikuja. Mimi natazama njia, nasema sasa atatokea, sasa atatokea."

Wakonyo akakumbuka nyimbo za Agosti, jioni baada ya jioni, ng'ambo ya ua. Alidhani wanaombea mvua, ile aliyowakosesha yeye, akajiziba masikio kwa mto.

"Bahari nimeisikia," Watiri akasema. "Upepo nimeusikia. Sasa niambie, wewe ulikuwa wapi?"

Wakonyo akaketi chini kwenye maganda, akaanza kumlilia Wangechi, miezi saba baada ya wenzake wote kunyamaza. Watiri alimwacha alie.