Kiwanja cha Bibi Mwanaheri

Mwaka wa elimu kwa wote, mimi Theresia ndiye niliyekuwa mratibu wa shule za pembezoni mwa mji wa Morogoro, na sioni haya kujisifu. Shule za katikati ya mji zilikuwa na vioo madirishani. Zangu zilikuwa na wazazi waliofyatua matofali wenyewe. Kihonda walikuwa na bustani ya mchicha iliyolisha shule nzima. Kila mkubwa aliyekuja nilimwonyesha, apende asipende.

Palipobaki bila shule ni Bigwa, mlima unapoanza. Watoto wa pale walisoma mjini, na mto ukijaa walikaa nyumbani. Mwalimu Ernest, kijana wa Bukoba mwenye haraka zake, akaomba kiwanja kwa Mzee Mwinjuma, aliyekuwa akililima shamba la pale. Mzee akasema chukueni, tukampigia makofi, wazazi wakachimba msingi. Afisa elimu angekuja Jumatatu kukagua. Asipokuta kazi inaendelea, mabati ya paa tuliyoahidiwa yangepelekwa kwingine.

Jumamosi asubuhi tulikuta wanawake wamekaa ndani ya msingi, wamenyoosha miguu, majembe yetu wameyakalia. Katikati yao alikuwa Bibi Mwanaheri, mke wa Mwinjuma.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Ardhi hii kawapa nani?"

"Mzee Mwinjuma," Ernest akadakia.

Wanawake wakaangua kicheko.

"Mwinjuma kaoa hapa," akasema Bibi. "Analima kwa kuwa mimi nipo. Ardhi hii ya mama yangu, na ya mama yake mama. Yeye kwao Kinole. Kama ana kiwanja cha kugawa, akakigawe huko."

Mwinjuma, aliyekuja nasi, akainamia kucha zake. Ernest nilimkata jicho. Kwao ardhi ni ya baba, basi akadhani dunia nzima ni kwao.

"Bibi, Jumatatu mkubwa anakuja," nikasema. "Tufanyeje?"

"Niombwe mimi."

Ernest akapiga goti kwenye tope na suruali yake ya kazini.

"Mama, nisamehe. Naomba kiwanja cha shule."

Bibi aliitazama ile suruali yenye tope.

"Wajukuu zangu wa kike watasoma humu?"

"Wote, mama."

"Haya, inuka, utatubomolea msingi." Akajiinua, akalishika jembe alilokuwa amelikalia, akaanza kuchimba. Wenzake wakamfuata. Kufikia Jumatatu ukuta ulikuwa umefika magotini, nami nilijiona mrefu kuliko mlima.

Afisa elimu alifurahi, akamwendea Mwinjuma moja kwa moja na mkono mbele. "Mzee, serikali inakushukuru kwa ardhi yako."

Mwinjuma hakuupokea mkono. Akamgeukia mkewe, kifua mbele, kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mimi hapa nimeoa tu. Mwenye ardhi ni huyu. Mshukuru yeye."

Afisa akapeleka mkono kwa Bibi Mwanaheri. Bibi akaushika, asiuachie.

"Mabati yanakuja lini?"