Kiti Kilichoonekana Kitupu

Binti yangu Kalista hakuogopa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo walilolisema, na mpaka leo wanalisema: eti aliogopa.

Kuna mpango mmoja wa kubadilishana vijana. Wanafunzi wa sekondari wa huku wanapelekwa Marekani wiki kadhaa kujifunza uongozi, na wenzao wa kule wanakuja kwetu. Ofisi yake iko Chanji, kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la bluu, na mkubwa wake hapa Sumbawanga ni Nestory. Huyo Nestory ni mtoto wa Mwimbi, Mfipa kama mimi, baba yake amelima ulezi kama mimi. Ila siku hizi hata akikusalimia anakunja midomo kama anayeonja chumvi.

Kalista yuko kidato cha nne, shule ya huku kwetu Kaengesa. Kiingereza anakimeza. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sijui kakitoa wapi, labda kwa mama yake, maana Rozina alikuwa na kichwa. Rozina hayupo. Siku aliyozidiwa gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkutano, kiongozi anakuja. Viti, ndugu zangu. Mke wangu akafia juu ya trekta la jirani, na wale waliokalia viti vile sijamsikia hata mmoja akiniambia pole.

Basi Kalista akaitwa kwenye usaili. Asubuhi ile alipiga pasi sketi mpaka ikang'aa, akapakwa mafuta na shangazi yake, akaenda mjini na Mwalimu Agnesi anayewafundisha historia. Aliporudi jioni alikaa jikoni akikoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Imekuwaje, mama?" nikamuuliza. Tangu Rozina aondoke namwita mama.

"Sijui, baba. Nadhani nimewaudhi."

"Umewaudhi kwa nini?"

"Niliwasalimia, hawakuitika."

Akanieleza. Mle ndani kulikuwa na Nestory, mama mmoja kutoka Dar, na kompyuta mezani. Kwenye kompyuta alikuwepo mama wa Kizungu anayetazama kutoka kwao huko Marekani. Kalista aliingia akafanya alivyofundishwa na mama yake tangu anaota meno: akapiga magoti yote mawili, akainamisha macho, akapiga makofi yale ya polepole, akasalimia. Kwetu ukisalimia hivyo huinuki mpaka mkubwa aitike. Kuinuka kabla ni kama kumwambia mkubwa kwamba salamu ulimtupia tu. Basi akangoja.

Yule mama wa Dar akachungulia chini, akadhani mtoto ameangusha kitu. Mzungu kwenye kompyuta anaona kiti kitupu, anauliza mwanafunzi yuko wapi, mbona haingii? Kalista anamsikia na anamwelewa, yuko pale pale sakafuni, chini ya usawa wa meza ambako kamera haifiki, ila hajaitikiwa. Mtu mmoja tu mle ndani alijua jibu, na ni neno moja la Kifipa, hata mlevi wa Mwimbi analijua. Nestory akanyamaza. Halafu akamwambia Mzungu kwa Kiingereza, "Mtoto ameogopa." Akamgeukia Kalista: "Hebu kaa kwenye kiti bwana, unatupotezea muda."

Akakaa. Wewe ungejibu maswali ya uongozi vizuri, na ndani ya roho unaona umefukuzwa kabla ya kukaribishwa?

Jumapili baada ya misa Mwalimu Agnesi akanivuta pembeni.

"Shikamoo Baba Kalista. Majibu yametoka."

"Marahaba. Sema tu, mwalimu, mimi nimezoea."

"Amewekwa akiba. Mmoja akishindwa kusafiri, anaingia yeye."

"Akiba kama tairi?"

Hakucheka. "Wamesema hajiamini. Kwamba mtu wa kupiga magoti hawezi kuongoza."

Damu ikanipanda. Rozina alipiga magoti akisalimia wazee, halafu akisimama ndiye aliyeongoza kina mama wa kigango kizima. Paroko mwenyewe alikuwa anamwomba ruhusa. Hawa wanasema nini?

Jumatatu nikapanda bodaboda mpaka Chanji. Nestory akanipokea vizuri, hilo silifichi, na shikamoo akanipa, akiwa amekaa.

"Mzee wangu, usikasirike. Dunia ya leo inataka mtoto aingie kifua mbele, amtazame mtu machoni, ampe mkono."

"Na wewe ulishindwa kumwitikia?"

"Mzee Adolfu, pale palikuwa ofisini."

"Ofisini Kifipa kinauma?"

"Kulikuwa na wageni."

"Mgeni alikuwa ni nani, mwanangu? Wewe kwenu ni wapi?"

Akazungusha kalamu. Kisha akatabasamu lile tabasamu la wakubwa, ambalo ukiliona ujue utaombwa kitu. Wageni kutoka Marekani, akasema, wanafika Jumamosi, kutakuwa na sherehe ukumbini. Angependa mabinti wa Kaengesa wawapokee kwa mila. Wavae vitenge, wapige magoti, wapige makofi. Na Kalista akae mbele, maana wenzake wengi wa siku hizi hawajui kuifanya vizuri kama yeye.

Nikadhani sikusikia.

"Apige magoti?"

"Ndiyo, mzee. Wageni wanapenda sana. Na mimi nitamkumbuka, si yuko akiba?"

Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, kwa sababu watoto wanaweza kusikia. Mlinzi alinisindikiza mpaka getini.

Nyumbani nikasema hakwendi mtu. Kalista akasema, "Nitakwenda, baba."

"Ukawapigie magoti wale?"

"Nataka ile nafasi. Mimi ndiye ninayeitaka, si wewe." Akaniambia hivyo bila kupandisha sauti, na ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa ameitaka nafasi ile mpaka usingizini anaongea Kiingereza.

Jumamosi upepo wa kwetu ulikuwa unakata masikio. Nikavaa koti langu jeusi. Jirani yangu Timoth akanitania mlangoni pa ukumbi: "Adolfu, leo umevaa la harusi?"

"La mazishi."

"Nani kafa?"

"Ngoja, utaona."

Watoto waliochaguliwa walikuwa wamekaa jukwaani na fulana zao mpya. Sina ugomvi nao. Azizi wa duka la vipuri ni mtoto mzuri, mwenye adabu na akili. Binti wa dada yake Nestory naye alikuwepo, ni hivyo tu, alikuwepo.

Wageni wakaingia. Mabinti wa Kaengesa wakashuka chini wote pamoja, makofi yakaanza, simu za Wazungu zikainuliwa juu. Wote walishuka isipokuwa mmoja. Kalista, mbele kabisa, alibaki amesimama na kitenge cha mama yake. Akamwendea mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe, akamtazama machoni, akampa mkono, akaanza kuongea Kiingereza.

Nestory akamsogelea mbio. "Piga magoti! Kalista, wewe, shuka chini!"

Kalista akamjibu kwa Kiswahili, na ukumbi mzima ukasikia. "Kaka Nestory, si mlisema mtu wa kupiga magoti hawezi kuongoza? Nimesimama."

Kuna mtu nyuma akapiga mluzi. "Kaziii!" akasema kijana mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

Yule mama wa Kizungu alikuwa bado ameshika mkono wa Kalista. Mwalimu Agnesi, aliyekaa karibu nami, akanitafsiria. Kumbe mama huyo ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta. Kalista alikuwa anamweleza: siku ile ulipoona kiti kitupu, nilikuwepo, nilikuwa sakafuni nakusalimia wewe. Mzungu akageuka kumtazama Nestory. "Ni kweli?"

Nestory akacheka. "Ni mambo ya mila tu, madamu."

"Uliniambia ameogopa."

Akacheka tena, ila safari hii hakuna aliyecheka naye. Yule mama akaweka mkono kifuani, akamwomba Kalista samahani, na naamini ilimtoka moyoni. Nikasogea mbele ya kiti changu. Nikajua sasa jambo linanyooka, sasa mtoto anakwenda.

Halafu akasema nafasi zimejaa. Tiketi zimekatwa, viza zimegongwa, watoto wanaondoka wiki inayokuja. Mwakani aombe tena, yeye mwenyewe atamkumbuka.

"Mwakani nitakuwa nimemaliza kidato cha nne," Kalista akasema. "Mpango ni wa wanaosoma."

Mzungu akamtazama Nestory, Nestory akatazama saa, mtu akawaambia wapiga ngoma waanze.

Hapo nikasimama. Nikamwita Nestory kwa jina, bila ndugu wala mheshimiwa. Nikamwambia: neno moja tu, mtoto wa Mwimbi, neno ambalo bibi yako alikuitikia kila asubuhi ya Mungu, ungelisema mwanangu angeinuka, angeonekana, angekuwa amekaa pale juu. Mlitunyang'anya gari kwa ajili ya viti, leo mmetunyang'anya na kiti chenyewe! Sijui walisikia kiasi gani kwa sababu ya ngoma. Mgambo wawili walikuja kunishika mabega, na mmoja ananiambia kwa upole, "Mzee, tutaumizana bure."

Kalista ndiye aliyeiondoa mikono yao. "Mwacheni baba yangu." Akanishika kiwiko. "Twende, baba. Nina njaa."

Tukala chipsi stendi. Alilia kidogo, akapenga kamasi kwenye kitenge, akaniomba nisimwambie shangazi kwamba amelia. Nikamwambia nitakwenda mkoani, nitakwenda mpaka Dodoma. Akasema, "Nenda baba, ila si Jumatatu. Jumatatu nina mtihani wa majaribio na ng'ombe hawana wa kuwapeleka malishoni."

Mkoani nimekwenda. Wameniambia nirudi. Nimerudi, wameniambia mhusika yuko semina.

Akina Azizi walikwenda na wamerudi. Pale Chanji, juu ya lile geti la bluu, wamepandisha bango kubwa. Ni picha ya siku ile: mabinti wa Kaengesa chini, macho yameinama, mikono inapiga makofi, na Nestory nyuma yao ameweka mikono kiunoni. Chini wameandika kwa maandishi makubwa, hata mimi wa darasa la tatu nayasoma: TUNAINUA VIONGOZI WA KESHO. Pembeni kulia, mahali alipokuwa amesimama binti yangu, picha wameikata.

Ukisogea unaona ncha ya kitenge imebaki.